Je, Mashine Inaweza Kuingia Kwenye Kumbukumbu za Mtu?

Katika vibanda vya video vya Kampala kuna aina ya sinema ambayo haikosi watazamaji. Mpelelezi anamvika mshukiwa kofia yenye nyaya, skrini inawaka, na sote tunaona alichokiona usiku wa mauaji: chumba, kisu, sura ya muuaji. Au jasusi anajipenyeza kwenye kumbukumbu za waziri, anapekua utoto wake wote mpaka anapata namba ya siri ya akaunti, kisha anatoka bila mwenyewe kujua. Au kampuni inauza huduma ya kufuta huzuni, na mtu anaamka asubuhi akiwa hamkumbuki mke aliyemzika. Hadithi hizi zinawashika watu kwa sababu zinavamia mahali ambapo kila mmoja wetu anaamini hapana anayeweza kumfuata.

Tangu habari za chipu za ubongoni zianze kusambaa, swali limebadilika. Zamani watu waliuliza kama jambo hilo linawezekana. Siku hizi wanauliza litafika lini. Jibu lake linataka subira. Baadhi ya mambo tunayoyaona kwenye sinema hizo yamekwishafanyika maabara. Mengine hayatafanyika kamwe kwa namna tunayoonyeshwa, na sababu si udhaifu wa mashine. Sababu ni kwamba kitu kinachotafutwa, yaani ule mkanda uliorekodi kila kitu, hakimo kichwani mwa mtu yeyote.

Anayekwenda vibandani anamjua VJ. Filamu inakuja kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina, naye anashika maikrofoni na kuisimulia kwa Kiganda huku ikiendelea: anawapa wahusika majina ya kwetu, anaongeza maneno ambayo hayakusemwa, anaruka panapochosha, anawatonya watazamaji nani ni mbaya kabla filamu yenyewe haijasema. Akiisimulia tena kesho, haitakuwa sawasawa na ya jana. Kumbukumbu hufanya kazi ya VJ, tena VJ ambaye filamu yenyewe imeshapotea na kilichobaki ni usimulizi wake wa mara ya mwisho. Ukilielewa hilo, mengine yote katika mada hii yananyooka.

Wazo la mkanda lilikotoka

Kuanzia miaka ya 1930, daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ganzi ya ngozi ya kichwa inatosha. Kabla ya kukata, aligusa sehemu mojamoja kwa umeme mdogo ili ajue ipi ina kazi gani. Alipofika pembeni, usawa wa sikio, baadhi ya wagonjwa walianza kusema mambo ya ajabu. Wapo waliosikia muziki ukipigwa. Mama mmoja alijikuta jikoni kwake, akimsikia mwanawe mdogo akicheza uani. Penfield aliamini amegusa kumbukumbu kamili, na kwamba kila tulichowahi kukitilia maanani kimehifadhiwa jinsi kilivyotokea.

Sinema zote za kofia na nyaya zimejengwa juu ya imani hiyo. Lakini taarifa aliyoitoa mwaka 1963 ina hesabu isiyotajwa sana: kati ya wagonjwa 1,132, waliopata hali ile walikuwa 40 tu. Na mengi waliyoyasimulia yalikaribia ndoto, vipande vifupi visivyo na mwanzo wala mwisho. Wanasayansi waliofuata waliona kwamba umeme ule huenda haukuwa ukifungua chochote kilichohifadhiwa. Ubongo ulikuwa ukitunga kitu papo hapo kutokana na vipande ulivyonavyo.

Kisa kilichofundisha zaidi ni cha Henry Molaison. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, akiwa na miaka 27, madaktari walimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, viungo viwili vilivyo ndani ya ubongo, kimoja kulia na kimoja kushoto. Walitaka kumtibu kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kutunza tukio jipya. Mtafiti Brenda Milner, aliyemfuatilia kwa miaka mingi, alikuwa mgeni kwake kila alipofika. Hata hivyo aliukumbuka utoto wake. Na alipofundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, mkono ulizidi kuwa mwepesi siku hadi siku, ingawa kila siku alisema hajawahi kuliona zoezi hilo.

Kutokana na Molaison tukajua kwamba kumbukumbu si kitu kimoja, wala haina ghala moja. Chukua siku ya kwanjula ya dada yako, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia. Rangi za magauni ya gomesi zimeshughulikiwa na sehemu ya nyuma ya ubongo, ngoma na sauti ya msemaji wa familia na sehemu za pembeni, harufu ya matoke yaliyofunikwa kwa majani ya migomba na sehemu nyingine kabisa, na ile hofu kwamba mahari italeta ugomvi na kiungo kidogo kiitwacho amigdala. Hipokampasi huviunganisha vipande hivyo ili kimoja kikiguswa, vingine viitikie. Kilichohifadhiwa hasa ni nguvu ya viunganishi kati ya seli za neva, ambazo kwa binadamu ni takriban bilioni 86. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwamba viunganishi hivyo huimarika vikitumika sana na hubaki imara kwa muda mrefu. Eric Kandel akafuatilia badiliko hilo mpaka kwenye kemia yake, kwa kumchunguza konokono wa baharini asiye na gamba la nje, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Nobel.

Hivyo hakuna picha iliyolala humo ikingoja kutazamwa. Unapokumbuka kwanjula ile, ubongo unaijenga upya saa hiyohiyo, na palipo na pengo unajaza kwa kile ambacho kwa kawaida huwapo kwenye kwanjula.

Panya aliyeogopa mahali ambapo hakuumizwa

Majaribio ya mwaka 2012 na 2013 katika maabara ya Susumu Tonegawa, kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, ndiyo yaliyoisogeza hadithi ya kubuni karibu na maisha. Inafaa tuyaangalie polepole, maana habari zake zilipoenea mitandaoni ziliongezwa chumvi nyingi.

Watafiti wakiongozwa na Xu Liu na Steve Ramirez walitengeneza panya ambao baadhi ya seli za hipokampasi, zikifanya kazi kwa nguvu, hujitia alama. Alama hiyo ni protini iliyotoka kwenye mwani, nayo huifanya seli iitikie mwanga wa buluu. Panya akilishwa dawa ya doxycycline, utiaji alama unazimika. Dawa ikiondolewa kwenye chakula, unawaka. Kwa njia hiyo waliweza kuchagua saa zipi za maisha ya panya ziwekewe alama.

Dawa ikaondolewa, panya akaachiwa azunguke kwenye sanduku la kwanza. Hakuna baya lililompata humo. Seli zilizofanya kazi wakati huo zikapata alama, kisha dawa ikarudishwa. Baadaye akahamishiwa sanduku la pili, tofauti kabisa na lile, na humo akapigwa shoti ndogo miguuni. Wakati huohuo, kupitia uzi mwembamba wa kioo uliopenyezwa kwenye fuvu, seli za sanduku la kwanza zikamulikwa kwa mwanga wa buluu. Mwili wake ulikuwa kwenye sanduku la pili, lakini seli zinazobeba sanduku la kwanza zilikuwa zimewashwa, na maumivu yakaungana nazo.

Panya akiogopa huganda, hatikisiki hata sharubu. Huyu aliporudishwa kwenye sanduku la kwanza, akaganda. Alipowekwa kwenye sanduku la tatu ambalo hakuwahi kuliona, hakuwa na woga huo. Alikuwa anaogopa mahali ambapo hajawahi kuumizwa. Kumbukumbu ya uongo ilikuwa imepandikizwa kwenye ubongo wa kiumbe hai kwa makusudi.

Hili ni jambo kubwa, na nadhani wanaolidharau wanakosea. Lakini liangalie vizuri. Jeni za panya zilibadilishwa kabla ya yote, virusi vilivyobeba jeni ya protini ile vikadungwa ndani ya ubongo, na tundu likatobolewa kwenye fuvu. Zaidi ya hayo, seli ziliwekewa alama wakati tukio linatokea. Mpelelezi wa sinema angelazimika kumwekea muuaji alama hiyo kabla hajaua. Tena watafiti hawakujua panya alichokuwa akikiona. Waliiwasha kumbukumbu bila kuisoma. Mashine inayowasha na mashine inayosoma ni mashine mbili mbalimbali, na sinema huzichanganya kila mara.

Kabla ya hapo, mwaka 2000, Karim Nader akiwa na Glenn Schafe na Joseph LeDoux huko New York walikuwa wamegundua jambo ambalo kwangu mimi linatisha kuliko lile la mwanga. Waliwafundisha panya wakubwa kuogopa mlio fulani kwa kuuambatanisha na shoti. Kumbukumbu hiyo ikaachwa ikomae. Kisha wakawasikilizisha mlio tena ili wakumbuke, na mara baada ya hapo wakawadunga kwenye amigdala dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Hofu ikapotea. Waliodungwa dawa ileile bila kwanza kukumbushwa, hofu yao ilibaki vilevile.

Maana yake ni kwamba kumbukumbu ikiamshwa inaweza kulegea kwa muda wa saa chache, na inahitaji kujengwa tena ili ibaki. Katika muda huo inaweza kudhoofishwa, kuongezewa au kupotoshwa. Huko Amsterdam, Merel Kindt alijaribu wazo hilo kwa watu mwaka 2009 akitumia propranolol, dawa ya kawaida ya moyo, na woga waliofundishwa ukapungua ingawa waliendelea kujua kilichotokea. Majaribio yaliyofuata sehemu nyingine hayakutoa majibu yaleyale kila mara, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kidonge cha kusahau. Ila kanuni ya msingi imebaki: kuingia kwenye kumbukumbu kunaweza kuilegeza. Ni vigumu kuitazama bila kuigusa.

Wanachoweza kusoma leo

Mwaka 2023, Jerry Tang na Alexander Huth wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walitangaza mfumo unaogeuza shughuli za ubongo kuwa maneno, bila upasuaji. Magazeti yakaandika kwamba akili za watu zimeanza kusomwa. Kilichofanyika ni hiki. Kila aliyeshiriki alilala ndani ya mashine ya MRI, ile yenye sumaku kubwa na kelele nyingi, akasikiliza hadithi kwa jumla ya saa 16, siku baada ya siku, bila kutikisika. Kompyuta ikajifunza mtiririko wa damu kwenye ubongo wa mtu yule unavyobadilika kulingana na maana ya anachokisikia. Baadaye akasikilizishwa hadithi mpya, na kompyuta ikabashiri. Msimuliaji aliposema kwamba bado hana leseni ya udereva, mfumo ulitoa sentensi yenye maana ya kwamba hajaanza hata kujifunza kuendesha gari.

Hiyo ni kazi ya ajabu. Ila tazama ilichopata: kiini cha habari, si maneno yenyewe. Mfumo uliofundishwa kwa mtu mmoja haukufaa kwa mwingine. Na mshiriki aliyeamua kuupinga, kwa kuhesabu kimoyomoyo au kutaja majina ya wanyama kichwani, aliuvuruga mara moja. Zaidi ya yote, ulikuwa unasoma kile mtu anachokiwaza au kukisikia wakati huo. Kilichotokea mwaka jana hakionekani mpaka mwenyewe akikumbuke, na akikikumbuka tumeshajua kinachotokea: anakisimulia upya.

Upande wa vipandikizi, kuna habari njema kwa wagonjwa. Mwaka 2018 Robert Hampson na wenzake katika hospitali ya chuo cha Wake Forest, Marekani, waliwatumia wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa elektrodi, yaani nyaya ndogo za kupima na kupitisha umeme ubongoni, kwa matibabu. Walirekodi mpangilio wa umeme wa hipokampasi pale mgonjwa alipokumbuka vizuri, kisha wakaurudishia ubongo mpangilio huo wakati wa mtihani mwingine. Uwezo wa kukumbuka picha ulipanda kwa takriban asilimia 35. Kwa mtu aliyepata kiharusi au ajali ya bodaboda iliyomjeruhi kichwa, utafiti wa namna hiyo ni tumaini la kweli. Chipu ya kampuni ya Neuralink, iliyopandikizwa kwa binadamu wa kwanza Januari 2024, inashughulika na jambo jingine: elektrodi zake 1,024 husoma nia ya kusogeza mkono ili aliyepooza aendeshe kompyuta. Kumbukumbu hazimo kwenye kazi yake.

Mashine ya zamani kuliko zote

Chombo kinachoingia kwenye kumbukumbu za watu na kuzibadilisha kipo miaka yote, na hakihitaji umeme. Ni swali.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo. Walioulizwa magari yalikuwa yakienda kasi gani "yalipobamizana" walitaja kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walitaja 31.8. Filamu zilikuwa zilezile. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, wanafunzi waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Lakini kati ya 50 waliokuwa wameulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, ni 7. Neno moja la mhoji lilikuwa limeweka vioo barabarani.

Madhara yake si ya darasani. Nchini Marekani, watu zaidi ya 370 waliofungwa kimakosa wameachiwa baada ya vipimo vya DNA, na katika kesi karibu 7 kati ya kila 10 kulikuwa na shahidi aliyemtambua mtu asiyehusika. Wengi wa mashahidi hao hawakudanganya. Walikuwa na uhakika.

Kwetu Uganda suala hili lina uzito wake. Kesi ya Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA, ilianza kusikilizwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, Desemba 2016, na mashahidi kutoka kaskazini walieleza mambo ya kati ya 2002 na 2005, yakiwemo mauaji ya kambi ya Lukodi ya Mei 2004. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, alihukumiwa na mahakama yetu wenyewe miaka 40 jela Oktoba 2024, kwa makosa ambayo mengine yalipita miaka zaidi ya 20 nyuma. Kwa miaka yote hiyo watu wale walikuwa wameyasimulia waliyoyaona kwa ndugu, kwa viongozi wa dini, kwa mashirika, kwa waandishi wa habari, kwa wapelelezi. Na kwa kuwa lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza, maneno ya shahidi wa Kiacholi hupita kwa mkalimani kabla ya kufika kwa jaji.

Hili lisieleweke vibaya. Kwamba kumbukumbu hujengwa upya si hoja ya kumwambia aliyenusurika kuwa anabuni. Kiini cha tukio zito hudumu sana. Kinachoteleza ni tarehe, mpangilio, rangi ya nguo, idadi ya waliokuwepo. Wakili anayemshambulia mjane kwa sababu jana alisema wanaume watano na leo anasema saba anatumia ujinga wetu kuhusu ubongo.

Wakimbizi wanalijua hili kuliko wote. Mtu aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na kufika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, husimulia kisa chake mara nyingi: anapoandikishwa, mbele ya wanaoamua hadhi yake, kwa daktari, na pengine tena kwa maafisa wa nchi ya mbali akipata nafasi ya kuhamishiwa huko. Simulizi zisipolingana, anaweza kuonekana mwongo. Mwaka 2002 Jane Herlihy na wenzake Uingereza waliwahoji mara mbili wakimbizi 39 kutoka Kosovo na Bosnia, ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kuishi huko na hawakuwa na faida yoyote ya kudanganya. Tofauti zilikuwapo kwa wengi, hasa kwenye mambo ya pembeni ya tukio. Na kwa wenye kiwewe kikali, kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka ndivyo tofauti zilivyoongezeka. Aliyeumia zaidi ndiye anayeonekana mwongo zaidi. Hakuna sinema ya kusisimua iliyonishtua kama utafiti huo.

Lakini mlango uleule unaoingiza makosa unaingiza pia tiba, na sehemu muhimu ya ushahidi wa jambo hilo ilikusanywa hapa nchini. Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya kusimulia waliyoijaribu kwa wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa utaratibu wake, mtu hulaza kamba ardhini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Pale palipo na jema anaweka ua. Pale palipo na baya anaweka jiwe, dogo au kubwa. Kisha, kikao baada ya kikao, anatembea na mshauri wake kutoka ua hadi jiwe, na wakifika kwenye jiwe hawaruki. Anasimulia taratibu: ulisimama wapi, ulisikia nini, mwili ulihisi nini, sasa hivi unaposema unahisi nini. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea, naye anasahihisha na kuongeza. Mwishoni anapewa maisha yake yote kwa maandishi.

Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliopata tiba hiyo asilimia 29 ndio waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe, ilhali kwa wenzao waliopata ushauri wa kawaida au elimu tu ilikuwa karibu asilimia 80. Jaribio kubwa zaidi likafuata Nakivale, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na safari hii washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha nafuu kubwa pia, ingawa aina nyingine ya ushauri waliyoilinganisha nayo ilifanya vizuri karibu sawa. Mimi nalipenda tokeo hilo. Linaonyesha kwamba kinachoponya ni kukumbuka mbele ya mtu anayesikiliza vizuri, kwa utaratibu, ili hofu ipate tarehe na mahali pake na iache kumvamia mtu usiku.

Kumbukumbu inaamshwa, inalegea, inajengwa tena ikiwa na kitu kipya ndani yake. Kwenye sanduku la panya kitu hicho kilikuwa shoti. Imvepi kilikuwa usalama wa kuwa na mtu.

Mashine ikifika mahakamani

Siku moja wakili ataleta mbele ya jaji karatasi iliyotoka kwenye mashine na kudai kwamba ubongo wa mshtakiwa unalijua tukio. India wameshapitia hapo. Mwaka 2008 mahakama moja ya Pune ilimtia mwanamke hatiani kwa mauaji, na sehemu ya ushahidi ilikuwa kipimo cha mawimbi ya ubongo kilichodaiwa kuonyesha kwamba ana kumbukumbu za kutenda, si za kusikia tu. Mei 2010, katika shauri la Selvi dhidi ya Jimbo la Karnataka, Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kwamba vipimo hivyo, pamoja na dawa za kumfanya mtu aseme, haviwezi kutumika bila ridhaa yake. Hoja ya majaji ni ile tuliyokuwa tukiifuata tangu mwanzo: kinachotoka humo ni ushuhuda wa mtu. Huwezi kukihesabu sawa na alama ya kidole.

Katiba yetu ya 1995 inampa wakili wa Uganda pa kusimamia. Ibara ya 28 inakataza mtu anayeshtakiwa kwa jinai kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na ibara ya 27 inalinda faragha. Ugumu uko nje ya mahakama. Chile, mwaka 2021, ilibadilisha katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zinazotoka humo. Agosti 2023 mahakama yake ya juu iliiamuru kampuni ya Emotiv, inayouza kofia za kupima mawimbi ya ubongo kwa mtu yeyote anayetaka kununua, ifute taarifa za seneta wa zamani Guido Girardi aliyekuwa ameitumia kofia hiyo.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 ina orodha ya taarifa zinazohitaji ulinzi wa pekee: imani ya dini au falsafa, msimamo wa kisiasa, maisha ya kimapenzi, fedha, hali ya afya na kumbukumbu za matibabu. Ubongo haukutajwa. Mawimbi yaliyopimwa katika hospitali ya Mulago au Butabika yataingia humo kwa jina la matibabu. Yaliyopimwa na kofia ya kuchezea michezo ya kompyuta, au na mwajiri anayetaka kujua kama dereva wake wa lori amechoka, yanahitaji kutajwa kwa jina lake, na kwa hilo Bunge halihitaji kuandika sheria nyingine. Linahitaji kuongeza maneno machache kwenye orodha ambayo tayari ipo.